Akio Morita: Redio na Jina la Nchi

Bila shaka umekwisha kuona redio ndogo ya betri. Huenda pia umemwona mtu akinunua redio dukani. Kabla ya kutoa fedha yake, huigeuza na kuitazama nyuma ili asome imetengenezwa nchi gani. Je, umewahi kujiuliza kwa nini hufanya hivyo? Jina la nchi laweza kumfanya mnunuzi aikubali redio, au aikatae kabla hata hajaisikia sauti yake. Sasa utasoma habari za mtu aliyelijua jambo hilo vizuri.

Akio Morita alizaliwa tarehe 26 Januari, 1921, katika mji wa Nagoya, nchini Japani. Kazi ya ukoo wao ilikuwa kutengeneza pombe ya mchele, na ilitazamiwa kwamba yeye, mtoto wa kwanza, angeirithi. Lakini Akio alipenda mambo ya umeme. Nyumbani kwao kulikuwa na gramafoni ya umeme, naye alistaajabu jinsi ilivyotoa sauti. Akasoma vitabu vya umeme, akaunda redio kwa mikono yake mwenyewe. Alizama katika kazi hiyo hata akarudi nyuma katika masomo, ikambidi ajitahidi sana ili awafikie wenzake. Mwaka 1944 alihitimu masomo ya fizikia katika chuo kikuu huko Osaka.

Mwaka 1945 Japani ilishindwa vitani, na miji yake mingi ilikuwa imeungua. Mwaka uliofuata Morita na mwenzake, mhandisi Masaru Ibuka, walianzisha kampuni ndogo mjini Tokyo. Wafanyakazi wao walikuwa 20 hivi.

Siku zile vitu vya Japani havikuwa na sifa njema. Watu wa nchi nyingi waliamini kwamba ni vya bei rahisi na havidumu. Mwaka 1953 Morita alisafiri hadi Marekani, kisha akaenda Ujerumani. Huko Ujerumani aliingia hotelini akaagiza aiskrimu. Mhudumu alimletea aiskrimu iliyopambwa kwa mwavuli mdogo wa karatasi, akamweleza kwamba pambo lile limetoka Japani. Mhudumu alikusudia kumpendeza mgeni wake, lakini Morita alihuzunika. Alitambua kwamba watu waliijua nchi yake kwa vitu hafifu vya namna hiyo tu.

Hata hivyo, safari ile ilikuwa na faida kubwa. Huko Marekani kampuni yake ilipata ruhusa ya kutengeneza transista, kifaa kilichovumbuliwa na Wamarekani mwaka 1947. Je, transista hufanya kazi gani? Mawimbi ya redio yanapofika kwenye eriali huleta umeme hafifu mno. Umeme huo hauna budi kukuzwa ndipo kipaza sauti kiweze kutoa sauti. Redio nyingi za zamani zilitumia vali, yaani chupa za kioo zenye waya unaopashwa moto. Vali hula umeme mwingi, huchukua nafasi kubwa, na huvunjika upesi. Transista hufanya kazi ileile, lakini ni ndogo sana, haina waya wa kupashwa moto, tena hutumia umeme kidogo.

Kuzitengeneza hakukuwa rahisi. Nyingi za transista za kwanza zilikuwa mbovu. Wahandisi wa kampuni walizipima moja moja, wakabadili viungo vyake, wakajaribu tena na tena.

Mwaka 1955 Morita alichukua mfano wa redio yao ya transista akaupeleka Marekani. Kampuni kubwa ya huko ilitaka kununua redio 100,000, kwa sharti kwamba ziandikwe jina la kampuni hiyo ya Marekani. Wenzake wa Tokyo walimtaka akubali, kwa kuwa fedha ilikuwa nyingi na kampuni yao ilikuwa changa. Morita alikataa. Aliona kwamba wakiuza kwa jina la wengine, hakuna mtu atakayejua kazi yao.

Muda mfupi baadaye kasoro ilionekana. Kipande cha plastiki chenye matundu kilichofunika uso wa redio kilipinda kwa sababu ya joto. Redio ya aina hiyo iliachwa. Fikiri mwenyewe: laiti redio 100,000 za namna ile zingalivuka bahari, jina la Japani lingalizidi kuharibika. Katika mwaka uleule walitoa redio nyingine iliyo bora zaidi, na mwaka 1957 wakatoa redio ndogo iliyopendwa sana Marekani. Mwaka 1958 kampuni ikaitwa Sony.

Sheria ya Marekani ilitaka kila kitu kiandikwe nchi kilikotoka. Mwanzoni kampuni ya Morita iliandika jina la Japani kwa herufi ndogo sana, kwa kuhofia kwamba wanunuzi wangeiacha redio. Miaka ilipopita hofu hiyo ilikwisha. Wenye viwanda wengine wa Japani nao walikuwa wamejifunza kupima ubora wa kazi yao. Mwalimu wao mmoja alikuwa Mmarekani W. Edwards Deming, aliyewafundisha tangu mwaka 1950. Ndipo jina lililofichwa likawa jina la kutafutwa.

Morita alifariki tarehe 3 Oktoba, 1999. Kumbuka kwamba jina la nchi halitengenezi redio. Redio njema, zilizopimwa moja baada ya moja, ndizo zinazoijengea nchi jina.

Maswali

1. Transista ina faida gani kuliko vali?
2. Kwa nini Morita alikataa kuuza redio 100,000?
3. Weka kitawala cha plastiki juani kwa muda, kisha kipinde polepole. Fanya vivyo hivyo kwa kitawala kilichokuwa kivulini. Eleza tofauti uliyoona.