Allidina Visram: Tajiri Aliyekuwa Mwanafunzi Mpaka Uzeeni

Katika miji hii iliyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri ninakofanyia biashara ya leso na vitambaa, kisha Karatina, Nanyuki, Meru na Embu, nimejuana na wauzaji wengi waliokula chumvi nyingi. Wako waliotoka kwetu pwani, wako Wakikuyu na Wameru wenyewe, na wako wenye asili ya Bara Hindi. Hodari sana, lakini baadhi yao wana ugonjwa mmoja. Mtu akishakaa nyuma ya meza ya duka miaka ishirini, huona hakuna tena wa kumfundisha. Akitajiwa njia mpya ya kuweka hesabu, au bidhaa asiyoizoea, hujibu kwamba yeye alianza kuuza kabla msemaji hajazaliwa. Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi, na bila shaka walikwisha kuwaona watu wa namna hii.

Kila nikiliona jambo hilo humkumbuka marehemu Allidina Visram. Watu wa Mombasa wanalijua jina lake kwa sababu ya shule, lakini wengi wanaopita mbele ya shule ile hawajui mtu mwenyewe alikuwa nani wala aliupataje utajiri wake.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, huko Bara Hindi. Alikuwa Mwislamu wa jamaa ya Makhoja wa Kiismailia. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12 tu, alivuka bahari akaja pwani yetu na kushukia Bagamoyo. Hakuja na mtaji. Aliingia kazini kwa tajiri mkubwa wa zama hizo, Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake mpaka leo linatajwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa tajiri huyo ndipo Allidina aliposoma darasa lake la kwanza la biashara.

Na darasa lile halikuwa jepesi, msomaji. Biashara ya Bagamoyo ilikuwa ya misafara. Merikani, kaniki, shanga na waya vilifungwa mizigo, vikachukuliwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, na msafara ukarudi na pembe za ndovu baada ya miezi mingi. Muuzaji alipaswa kujua kila nchi ya bara inapenda ushanga wa rangi gani, kwani rangi iliyopendwa mwaka huu mwakani huenda isitazamwe, na mzigo wote ukawa hasara. Alipaswa kujua nani wa kupewa mali kauli na nani si wa kuaminiwa. Allidina alijifunza hayo yote, kisha akaanza kupeleka misafara yake mwenyewe na kufungua matawi. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa na umri wa miaka 46, na sehemu kubwa ya biashara ya misafara ikaja mikononi mwake.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mtu huyu alikuwa na zaidi ya miaka thelathini katika kazi. Laiti angalisema amekwisha kujua, nani angalimbishia? Lakini wakati ule ule dunia ilikuwa inageuka chini ya miguu yake. Mwaka 1896 Waingereza walikuwa wameanza kulaza reli kutoka Mombasa kwenda Uganda, na ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, elimu ya kupanga wapagazi ilikuwa imekaribia kuwa kama elimu ya kutengeneza mishale.

Allidina hakukaa Bagamoyo akiilaani reli, bali aliifuata. Kwa ajili ya kazi ile walikuwa wameletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na watu hao hawakutaka shanga wala waya. Walitaka mchele, unga, dengu na samli, nao walilipwa rupia. Basi akafungua maduka kwenye njia ya reli. Kwa mtu aliyezoea kungoja pembe miezi na miezi, huu ulikuwa uuzaji mwingine kabisa: faida ndogo kwa kila kitu, fedha inazunguka upesi, na mnunuzi anarudi kesho. Kabla karne ya 19 haijaisha, alikwisha kufika Kampala, mahali ambapo watu walikuwa wakinunua na kuuza kwa kauri.

Wala hakukoma hapo. Biashara ya pembe za ndovu ilipopungua, na mbegu za pamba zilipoanza kugawiwa kwa wakulima wa Uganda mnamo mwaka 1903 na 1904, Allidina alikuwa amepita miaka hamsini. Akajifunza pamba, tangu kuinunua kwa mkulima mpaka kuichambua kwa mashine. Akaingia katika kukamua mafuta, kutengeneza soda na samani, na kuvusha bidhaa katika Ziwa Viktoria. Mambo haya hakuyajua yote kwa mikono yake mwenyewe. Hekima yake ilikuwa kuwatafuta waliojua na kuwasikiliza, hata wakiwa wadogo kwake kwa umri na kwa mali. Alifariki mwaka 1916, na hata katika miaka yake ya mwisho alikuwa bado yumo safarini kutafuta biashara mpya.

Mtu anaweza kuniuliza, hayo yanahusiana nini na Nyeri? Yanahusiana sana. Boma la Nyeri lilijengwa na Waingereza mwaka 1902, na wenye maduka waliopanda huku milimani walifuata mtindo ule ule wa kutangulia mahali ambapo barabara bado ni matope. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na Nanyuki mwaka 1930. Kila ilipojongea, kulikuwa na wauzaji walioneemeka na wengine walioachwa na wakati, na tofauti yao haikuwa mtaji peke yake. Kadhalika katika zama zetu. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, wako wenye maduka walioiona kuwa mchezo wa vijana. Leo mama anayeuza viazi Karatina hulipwa kwa simu, na muuzaji anayekataa kujifunza humwona mteja akivuka barabara kwenda duka la pili.

Sisi Waislamu ndio tusiostahili kabisa kuwa na udhuru. Dini yetu imetufaradhishia kutafuta elimu, wala haikusema faradhi hiyo humwondokea mtu akiota mvi. Tena biashara yenyewe ina elimu yake: kujua halali na haramu, kipimo cha haki, na kuandika deni. Mzee anayeuza kwa uzoefu bila elimu hiyo yumo hatarini mara mbili, hapa duniani na kesho akhera.

Lakini maisha ya Allidina yana upande wa pili ambao haifai kuuficha. Biashara ile kubwa haikuishi muda mrefu baada yake. Mwanawe, Abdulrasul, aliirithi, lakini miaka haikupita mingi ikasambaratika. Mimi naona elimu ya marehemu ilikuwa kubwa mno kichwani mwa mtu mmoja, na kichwa kilipolala, maduka na mashine vilibaki bila mtu wa kuvisomea alama za nyakati. Mali hurithiwa kwa siku moja, lakini ujuzi wa kuuza hurithiwa kwa miaka ya kukaa pamoja, kama yeye mwenyewe alivyokaa kwa Sewa Haji.

Kwa hiyo nawaambia wauzaji wenzangu wa Nyeri na wa pwani kwamba kujifunza kwetu kuna pande mbili. Tuwaulize vijana wanayoyajua wao, ya simu na hesabu mpya, nasi tuwape yetu, ya kumsoma mteja usoni na kulinda jina jema. Tukishika upande mmoja tu, tutakufa na elimu yetu kama alivyokufa tajiri yule na yake.

Katika mali zote za Allidina Visram, iliyo wazi zaidi kwa macho ya watu leo si duka wala kinu cha pamba. Ni shule ambayo mwanawe aliijenga Mombasa kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka 1923, na mpaka leo inasomesha watoto wa watu. Mwenyezi Mungu amrehemu.