Luigi Broglio: Mhandisi aliyerusha roketi kutoka bahari ya Kenya

Jinja na Mbale ziko kaskazini kidogo tu ya mstari wa Ikweta, na ni Ikweta hiyo iliyomleta Luigi Broglio Afrika Mashariki.

Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, tarehe 11 Novemba 1911. Akawa profesa wa uhandisi wa anga mjini Roma na afisa wa Jeshi la Anga la Italia. Tarehe 15 Desemba 1964 wataalamu wake walirusha setilaiti ya San Marco 1 kutoka Wallops, nchini Marekani, kwa roketi ya Kimarekani. Ni Wallops hiyo hiyo ambako setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilianzia safari yake Novemba 2022.

Broglio hakuridhika. Kwenye Ikweta dunia hujizungusha kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bila kuchoma hata chembe ya fueli. Kwa kuwa Italia haina ardhi huko, alisimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Setilaiti ya kwanza iliruka hapo tarehe 26 Aprili 1967.

Siku kubwa zaidi ilikuwa 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Roketi ya Scout ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Hesabu ya kurudi nyuma ilipokaribia sifuri, watu walikuwa wamekwisha kuondoka jukwaa la kurushia; amri ya kuwasha ilipita kwenye nyaya kutoka Santa Rita. Fueli ya Scout ni yabisi, nayo ikishawaka haizimiki. Baada ya hapo mhandisi hana la kufanya ila kutazama. Saa nane kasoro dakika saba mchana roketi iliinuka. Hatua zake nne ziliwaka moja baada ya nyingine, ya mwisho ikizungushwa kama pia isipoteze mwelekeo.

Uhuru iliizunguka dunia kwa takriban dakika 96, na kila mara ilirejea kutoka magharibi, ikivuka Kongo na ukanda wa Jinja na Mbale kabla ya kuifikia tena Kenya. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwaelekeza wanaastronomia kwenye shimo jeusi.

Hadi mwaka 1988 majukwaa hayo yalirusha setilaiti tisa, zote zikifika angani. Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001. Mwaka uliofuata Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia; kituo cha Malindi sasa kina jina la Broglio.