Maisha ya Paul Otlet, mtu wa fishi milioni 12



Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa buletini tuliona ukweli wa neno hilo muhula uliopita. Tulitafuta kitabu kimoja cha biolojia siku nne nzima. Kumbe kilikuwako ndani ya biblioteki yetu, kimelala nyuma ya kabati, na hakuna mtu aliyeandika pahali pake. Kwa hiyo mara hii tumechagua kuwaelezea maisha ya mtu aliyepigana na shida hiyo mpaka kufa kwake.

Paul Otlet alizaliwa mjini Bruxelles, Ubeleji, tarehe 23 Agosti 1868. Baba yake alikuwa tajiri aliyejenga njia za tramu katika inchi nyingi. Mama yake alikufa wakati mtoto alikuwa na miaka mitatu tu. Mpaka miaka 11 Paul hakutumwa masomoni. Walimu walikuja kumfundisha nyumbani, na vitabu ndivyo vilikuwa rafiki zake. Alisoma sheria, akapata diplome mwaka 1890, akaanza kazi ya avoka. Lakini kazi ile haikumpendeza hata kidogo. Alichopenda ni kupanga vitabu na habari zao. Katika kazi hiyo alikutana na avoka mwenzake, Henri La Fontaine, aliyemzidi miaka 14, na ambaye mwaka 1913 alipewa zawadi ya Nobel ya amani. Hao wawili walishikamana kama ndugu.

Mwaka 1895 walifungua ofisi moja Bruxelles ili kuandika vitabu vyote vya dunia. Hawakusema vitabu vyote viletwe katika nyumba moja, hapana. Walisema kila kitabu kiandikwe kwenye fishi, ni kusema karatasi ngumu ya santimeta 12.5 kwa 7.5, na fishi zipangwe ndani ya visanduku vya kuvuta. Kitabu kinaweza kulala London au Paris. Fishi yake itakuonyesha kama kiko. Mwisho wa mwaka ule walikuwa tayari na fishi 400,000.

Lakini fishi nyingi bila mpango ni fujo tu. Mmarekani Melvil Dewey alikuwa ametoa mwaka 1876 njia ya kupanga maarifa kwa namba. Otlet na La Fontaine walimwomba ruhusa, wakaipanua. Tuangalie mfano. Namba 63 ni kilimo, na (6) ni Afrika. Basi 63(6) ni kilimo cha Afrika. Namba 37 ni elimu. Ukiandika 63:37 unaunganisha kilimo na elimu. Mtu asiyejua Kifaransa anaweza kusoma namba hizo sawasawa na Mfaransa.

Tangu mwaka 1896 watu waliweza kutuma barua wakiuliza habari ya jambo fulani. Wafanyakazi walivuta visanduku, wakanakili fishi zilizohusu jambo lile, wakazituma kwa posta. Mwaka 1912 maombi yalipita 1,500. Hakukuwa mashine, mashine ilikuwa mikono na macho ya watu.

Kisha vita ya 1914 ilifika. Mtoto wake Jean aliuawa vitani, kwenye mto Yser. Otlet hakuacha kazi. Alizidi kuamini kwamba mataifa yakijuana kwa maarifa, yataacha kuuana. Mwaka 1920 alifungua Jumba la Dunia katika majengo makubwa ya serikali Bruxelles, na baadaye kazi yake ikaitwa Mundaneum.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi Wakongomani, na hatutalificha. Mwaka 1888, akiwa kijana wa miaka 20, Otlet aliandika kitabu kidogo akisema Afrika iwe ya watu weusi. Lakini shauri lake lilikuwa kuwaleta Weusi wa Amerika ili waje kuwaongoza wenyeji. Wenyeji wenyewe hakuwauliza. Mwaka 1921 mambo yaligeuka kidogo: Kongamano la Waafrika, lile la Du Bois, lilikutana ndani ya jumba lake, na ndugu yetu Paul Panda Farnana alikuwako akasema kwa ajili ya Kongo. Mtu mkubwa anaweza kuona mbali upande mmoja na kukosa kuona upande mwingine. Tumwangalie Otlet hivyo.

Mwaka 1934 fishi zilikuwa zimepita milioni 12. Mwaka huohuo aliandika juu ya meza isiyo na kitabu hata kimoja, ila kioo cha kuonyesha maandiko na telefone ya kuyaita kutoka mbali. Leo wengi wetu tunaishika mkononi. Lakini ndio mwaka serikali ilimfungia milango ya jumba. Mwaka 1940 Wajerumani wa Hitler walitaka nafasi ile kwa maonyesho ya picha zao. Makaratasi mengi yaliharibiwa, mengine yakahamishwa. Otlet alikufa Desemba 1944, akiona kazi yake imetawanyika.

Je, alishindwa? Fishi zilizobaki ziko mji wa Mons, ndani ya nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1998, na UNESCO iliziandika mwaka 2013 kati ya kumbukumbu za dunia. Tena tazama Chicago, Marekani: mwaka 2011 chuo kikuu kilifungua biblioteki ya Mansueto, yenye nafasi ya vitabu milioni 3.5 chini ya udongo. Vitabu vimewekwa ndani ya masanduku kwa kipimo cha ukubwa wake, si kwa somo. Msomaji anaomba kwa ordinateri, na mashine inashuka kuleta sanduku lenyewe. Lakini mashine ile ni kipofu kabisa kama kitabu hakikuandikwa ni cha sanduku gani. Fikra ni ileile ya fishi ya Otlet.

Sisi tuko na kabati tatu tu, hatuna mashine. Lakini daftari tuko nalo. Basi, unapochukua kitabu, andika. Unapokirudisha, andika tena, na ukiweke pahali pake. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tutaanza kuandika fishi za kabati ya kwanza. Mwenye mwandiko mzuri aje na kalamu yake.