George Müller na Kesha la Asubuhi

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 16:14–26, Zaburi 5:3, Isaya 50:4, Marko 1:35.

George Müller alizaliwa Septemba 27, 1805, katika ufalme wa Prussia, sehemu ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza kodi, na kijana huyu alizoea kuiba fedha za serikali zilizowekwa mikononi mwa baba yake. Usiku ambao mama yake alifariki, George, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa akicheza karata bila kujua kilichokuwa kikitokea nyumbani. Akiwa na miaka 16 alifungwa gerezani kwa kulala katika nyumba za wageni bila kulipa.

Hata hivyo alikwenda Chuo Kikuu cha Halle kusomea uchungaji. Huko, Novemba 1825, rafiki alimpeleka katika nyumba ambamo Wakristo wachache walikusanyika kuimba, kusoma na kuomba. Alimwona mtu akipiga magoti mbele za Mungu, jambo ambalo hakuwahi kuliona wala kulifanya. Jioni ile maisha yake yaligeuka.

Mwaka 1829 alihamia Uingereza, na mwaka 1832 akaanza kuhubiri katika mji wa Bristol. Aprili 1836, yeye na mkewe Mary walifungua nyumba ya watoto yatima katika mtaa wa Wilson. Aliamua kwamba hatamwomba mwanadamu yeyote fedha, bali mahitaji yote atamweleza Mungu peke yake. Kuanzia mwaka 1838 zilikuwapo asubuhi nyingi ambazo sanduku lilikuwa tupu, na watoto walihitaji mkate na maziwa siku hiyohiyo.

Tungedhani kwamba kwa mtu wa namna hiyo maombi yalitiririka kama maji. Haikuwa hivyo. Kwa muda wa miaka kumi hivi, desturi yake ilikuwa kuvaa nguo asubuhi na kupiga magoti mara moja. Lakini mara nyingi mawazo yake yalitangatanga. Robo saa ilipita, hata nusu saa, kabla hajaanza kuomba kweli. Alikuwa mwaminifu, aliamka, alipiga magoti, na bado moyo wake ulikuwa mkavu.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1841, akiwa Nailsworth, alibadili utaratibu wake. Hakuongeza muda wa maombi, wala hakuacha kuomba. Alibadili kinachotangulia. Alitambua kwamba kazi yake ya kwanza kila siku haikuwa kumtumikia Bwana, bali kuhakikisha kwamba nafsi yake mwenyewe imepata furaha na chakula katika Bwana. Na chakula cha mtu wa ndani, alisadiki, ni Neno la Mungu.

Basi akaanza hivi. Alfajiri aliomba kwa maneno machache baraka juu ya Neno, kisha akafungua Agano Jipya na kulitafakari fungu kwa fungu tangu mwanzo. Hakutafuta hoja za kuhubiri. Alitafuta chakula chake mwenyewe. Baada ya dakika chache, fungu lilimfanya aungame dhambi, au ashukuru, au awaombee wengine. Alipomaliza kuomba juu ya fungu hilo, aliendelea na linalofuata. Maombi yakawa jibu kwa Mungu aliyekwisha kusema naye. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu, mara nyingi alifanya hivyo akitembea mashambani kabla ya kifungua kinywa, akiwa na Agano Jipya lenye maandishi makubwa.

Hapa kuna fundisho kwa walimu wa Shule ya Sabato. Ni rahisi kufungua lesoni ili tupate la kusema mbele ya darasa. Tunaweza kuwagawia wengine mkate huku sisi wenyewe tuna njaa. Isaya 50:4 inaonyesha utaratibu wa Mungu: sikio huamshwa asubuhi baada ya asubuhi, na kutokana na kusikia huko ulimi hupata neno la kumtegemeza aliyechoka. Sikio hutangulia, ulimi hufuata.

Angalia pia mana jangwani. Kila mtu aliokota asubuhi, na jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Ya jana haikufaa leo, isipokuwa ile ya siku ya sita, ambayo Mungu aliihifadhi kwa ajili ya Sabato. Ushindi wa juma lililopita hautatulisha juma hili.

Müller aliendelea na desturi hii kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1849 alihamisha watoto kwenda Ashley Down, na kufikia mwaka 1870 zilikuwapo nyumba tano kubwa zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Mwaka huohuo Mary alifariki, na Müller mwenyewe ndiye aliyehubiri katika mazishi yake. Katika maisha yake alitunza yatima zaidi ya 10,000. Alifariki asubuhi ya Machi 10, 1898, akiwa na umri wa miaka 92. Jioni iliyotangulia alikuwa ameongoza mkutano wa maombi.

Ndugu mpendwa, labda wewe huamka gizani kuwaandaa watoto kwenda shule, na huna saa moja ya kutembea mashambani. Anza na fungu moja kabla ya kushika simu. Lisome polepole, ulitafakari, kisha mjibu Mungu. Na kwa kuwa kesha la asubuhi huanza usiku, panga saa ya kulala.

Maswali ya kujadili:

1. Ni kitu gani hutangulia asubuhi yako, na kinaathirije maombi yako?

2. Soma Marko 1:35. Siku iliyotangulia ya Yesu ilikuwaje? Hilo linasema nini kuhusu udhuru wetu wa uchovu?

3. Darasa linawezaje kumsaidia mshiriki ambaye ni mwaminifu katika maombi, lakini moyo wake umekauka?