Sayyid Barghash na maji ya bomba

Wengi wetu hapa Kampala tukisikia jina la Sayyid Barghash bin Said hukumbuka Zanzibar, karafuu na jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga mwaka 1883. Labda pia kwamba yeye na Kabaka wetu Muteesa I walitumiana wajumbe na zawadi. Mimi nasoma takwimu, na kinachonivuta zaidi kwake ni mabomba.

Mwaka 1859 alimwasi kaka yake, Sayyid Majid, akashindwa, na Waingereza wakampeleka uhamishoni Bombay. Alikaa huko karibu miaka miwili, wakati uleule mji huo ulipokuwa unaletewa maji kutoka ziwa jipya la Vihar. Nadhani aliyaona, akayaweka moyoni.

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu Zanzibar. Mjini watu walikunywa maji ya visima vifupi, na vyoo viko jirani. Daktari James Christie, aliyekuwapo, aliandika kitabu kizima kuhusu njia za ugonjwa huo Afrika Mashariki, kikachapishwa 1876. Majid alifariki Oktoba 1870, Barghash akakalia kiti. Mwaka 1872 kimbunga kikang'oa mikarafuu. Mwaka 1873 akalazimishwa kufunga soko la watumwa. Tusifiche: mali ya dola ile ilitoka kwa jasho la watumwa, na alisaini mkataba ule kwa shingo upande. Lakini ni yeye aliyevuta maji kutoka chemchemi za nje ya mji hadi mjini, yakatolewa bure.

Hilo neno bure lina uzito kwetu sisi watu wa takwimu. Ukichukua nchi za dunia ukalinganisha maji salama na umri wa kuishi unaotarajiwa, vyote viwili hupanda pamoja. Sawa, lakini penye maji salama mara nyingi pana fedha, zahanati na mama aliyesoma. Kipi kimerefusha umri? Uganda sensa ya 2002 ilitoa miaka 50.4, ile ya 2014 ikatoa 63.3. Katika kipindi hicho maji yaliongezeka, na dawa za kupunguza makali ya VVU nazo zikawafikia watu wengi. Anayeyapa maji sifa yote anawadhulumu waliogawa dawa. Modeli isiyoingiza vitu hivyo itatoa jibu zuri lakini la uongo.

John Snow alipata njia London mwaka 1854: kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ileile, kwa matajiri na maskini, moja ikichota sehemu chafu ya mto Thames. Waliokunywa ya ile chafu walikufa kwa wingi zaidi. Maji ya bure ya Barghash, kwa tajiri na mchukuzi sawasawa, yangeweza kutupa mtihani kama huo, lau Zanzibar ingekuwa na daftari la vifo mtaa kwa mtaa.

Kampala tuna nafasi hiyo. Chemchemi zetu nyingi za mabondeni ziko chini ya vyoo vya mlimani, na homa ya matumbo ya mwaka 2015 ilihusishwa na maji machafu. Anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho asiende mbali.

Barghash alifariki Machi 1888, akiwa na miaka hamsini na kidogo, Wajerumani na Waingereza wakiwa wameshaanza kugawana milki yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.