Georges Claude: Mfaransa aliyetaka kuvuna umeme katika joto la bahari

MITUNGI ya gesi ya mafundi wa kuchomelea vyuma na taa za neoni, ambazo kwa miongo mingi zilipamba majina ya hoteli na sinema katika miji mikubwa duniani, ni mambo mawili yaliyotokana na akili ya mtu mmoja, Mfaransa Georges Claude. Hata hivyo, jambo alilolipenda kuliko yote, na ambalo lilimeza sehemu kubwa ya mali yake, ndilo lililomshinda: kupata umeme kutokana na joto la kawaida la maji ya bahari.

Claude alizaliwa Paris, Septemba 24, 1870, siku chache tu baada ya majeshi ya Prussia kuuzingira mji huo. Alisoma katika shule ya fizikia na kemia ya viwandani ya Paris, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Jacques-Arsène d'Arsonval.

Jina lake lilianza kusikika mwaka 1897, alipobaini kwamba gesi ya asetilini, iliyokuwa ikilipuka na kuua watu, huweza kuhifadhiwa kwa usalama ikiyeyushwa ndani ya asetoni. Miaka mitano baadaye akafanikiwa kuigeuza hewa kuwa kimiminika kwa njia yake mwenyewe, na pamoja na Paul Delorme akaanzisha kampuni ya Air Liquide, ambayo ipo hadi leo. Katika kutenganisha oksijeni, gesi ya neoni ilibaki kama makapi yasiyo na mnunuzi. Claude akaitia ndani ya mirija ya kioo, akaipitishia umeme, na mwaka 1910 mwanga wake mwekundu ukawashangaza waliohudhuria maonyesho ya magari katika jumba la Grand Palais. Biashara hiyo ilimtajirisha. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alilisaidia jeshi la nchi yake katika matumizi ya klorini kwa mashambulizi ya gesi ya sumu, na mwaka 1924 akachaguliwa kuwa mjumbe wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Mtu mwingine angetulia hapo na kula matunda ya jasho lake. Claude, akiwa na umri wa miaka 50 na ushei, aliligeukia wazo ambalo mwalimu wake d'Arsonval alikuwa amelitoa mwaka 1881.

Bahari za ukanda wa joto zina hazina ya joto isiyokadirika, lakini joto pekee halizungushi mtambo. Mwaka 1824 Mfaransa mwingine, Sadi Carnot, alikuwa ameonyesha kwamba joto hufanya kazi pale tu linaposhuka kutoka penye joto zaidi kwenda penye ubaridi, kama vile maji yasivyoweza kuzungusha gurudumu la kinu yakiwa yametuama bondeni. Ndiyo maana meli haiwezi kusafiri kwa kufyonza joto la maji inayoelea juu yake, ingawa wabunifu wengi wamepoteza fedha za watu wakiahidi hivyo. Claude hakuwa miongoni mwao. Aliijua sheria hiyo vyema, na alijua pia kwamba chini ya maji ya vuguvugu ya tropiki kuna maji baridi mno, hivyo ile tofauti inayohitajika imekwisha kuwekwa tayari na maumbile.

Novemba 1926 alionyesha jambo hilo mbele ya wanasayansi wenzake, akisaidiana na mhandisi Paul Boucherot. Walichukua chupa mbili zilizounganishwa, moja ikiwa na maji ya nyuzi 28 za Selsiasi na nyingine barafu, kisha wakainyonya hewa iliyomo. Maji yale ya vuguvugu yakachemka bila moto, mvuke ukakimbilia upande wa barafu, ukazungusha mtambo mdogo njiani na kuwasha taa ndogo. Mwaka 1928, mtambo wa kilowati 60 ulijaribiwa Ougrée, Ubelgiji, kwa kutumia maji ya moto yaliyotoka kiwandani.

Ugumu ulikuwa katika hesabu. Maji ya juu yakiwa na nyuzi 28 na ya chini nyuzi 5, sheria ya Carnot hairuhusu hata sehemu 8 katika kila 100 za joto kugeuka kuwa kazi, na mtambo halisi hupata pungufu sana ya hapo. Ili kupata umeme wa maana ni lazima kusukuma maji mengi kupita kiasi, na pampu nazo zinadai umeme.

Claude alikwenda Ghuba ya Matanzas, Cuba, akigharamia kazi kwa fedha zake. Mabomba mawili makubwa yalipotea baharini kabla ya la tatu, lenye urefu wa karibu kilomita mbili, kufika kwenye kina cha mita 700 hivi mwaka 1930. Oktoba mwaka huo mtambo ulitoa kilowati 22 na kuwasha taa 40 za wati 500 kila moja. Wazo lilikuwa kweli. Lakini pampu zilikula umeme mwingi kuliko uliozalishwa, na muda si mrefu bahari ikaliharibu bomba.

Hakukata tamaa. Katikati ya miaka ya 1930 aliipeleka meli ya Tunisie, ya tani 10,000, katika pwani ya Brazil ili itengeneze barafu ya kuuzwa Rio de Janeiro. Safari hii pia mawimbi yalilishinda bomba, akaachana na mpango huo.

Ukaidi uleule aliuingiza katika siasa, na huko madhara hayakuwa ya fedha. Akiwa mfuasi wa muda mrefu wa watu waliotaka mfalme arudi Ufaransa, aliunga mkono ushirikiano na Ujerumani ya Hitler wakati wa Vita Kuu ya Pili, akihutubia na kuandika vijitabu vya kuutetea. Akademia ilimfukuza mwaka 1944, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha, ingawa ilimwondolea tuhuma za kuwasaidia Wajerumani kubuni silaha za kurushwa.

Wahandisi wa Ufaransa walichora mpango wa mtambo wa aina yake huko Abidjan, Ivory Coast, ambao haukujengwa. Aliachiwa mwaka 1950, akafariki Saint-Cloud, Mei 23, 1960, akiwa na umri wa miaka 89. Mtambo mdogo uliotoa umeme zaidi ya ule ulioliwa na pampu zake ulifanya kazi Hawaii mwaka 1979, na mwaka 1993, hukohuko Hawaii, njia yake ya kuchemsha maji ya bahari penye ombwe ilifanikiwa hatimaye kutoa ziada.