Elsie MacGill, fundi wa ndege

Watoto, mara nyingi mmeona ndege ikipita juu mawinguni, mkataka kumjua rubani anayeiendesha. Lakini kabla ya rubani yuko mtu mwingine. Huyu huketi mezani na karatasi na kalamu. Hupima, huhesabu, huchora kila kipande cha ndege, ili isivunjike angani. Mtu huyu huitwa injinia. Leo tusome maisha ya mwanamke mmoja aliyefanya kazi hiyo wakati watu wengi walidhani kwamba ni ya wanaume tu.

1. Utoto na masomo

Elsie MacGill alizaliwa tarehe 27 Machi 1905 katika mji wa Vancouver, nchi ya Kanada. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mama yake aliwekwa kuwa hakimu wa baraza la watoto mwaka wa 1917. Ndiye mwanamke wa kwanza kuwa hakimu katika jimbo lile. Basi Elsie alikua katika nyumba ya watu wapendao elimu na haki.

Alipokuwa msichana mkubwa alikwenda mji wa Toronto kujifunza ufundi wa umeme katika chuo kikuu. Wenzake darasani karibu wote walikuwa wavulana. Yeye hakuona haya, akajitia kazini. Mwaka wa 1927 alishinda, akawa mwanamke wa kwanza wa Kanada kupata shahada ya ufundi huo.

Kisha akaenda Marekani kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha jimbo la Michigan. Kiwanda kile kilianza kuunda ndege, na tangu siku hizo moyo wa Elsie ukashikwa na ndege. Akarudi shuleni, katika chuo kikuu cha Michigan, ajifunze namna ya kuziunda.

2. Ugonjwa

Mwaka wa 1929 masomo yake yalikuwa karibu kwisha. Ndipo ugonjwa wa polio ukampata. Ugonjwa huo huweza kuua nguvu za miguu. Shahada aliipata mwaka uleule, naye ndiye mwanamke wa kwanza katika Amerika ya Kaskazini kupata shahada ya juu ya uinjinia wa ndege. Lakini shahada yafaa nini kwa mtu asiyeweza kusimama? Waganga walidhani kwamba maisha yake yote yatapita katika kiti chenye magurudumu.

Akarudishwa kwao Vancouver. Alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Angeweza kulia kila siku na kungoja kuhurumiwa. Sivyo alivyofanya. Akiwa mgonjwa aliandika habari za ndege katika magazeti, akapata fedha kidogo. Na polepole, kwa taabu nyingi, akajifunza tena kutembea kwa fimbo mbili za chuma. Mvumilivu hula mbivu. Mwaka wa 1932 alikwenda tena Marekani kuongeza masomo, na mwaka wa 1934 akapata kazi katika kiwanda cha ndege huko Longueuil, karibu na Montreal.

Kwa sababu ya miguu yake hakuweza kuwa rubani. Lakini ndege mpya ilipojaribiwa, alitaka kupanda pamoja na rubani, aone kwa macho yake kama kazi ni njema. Kama hesabu zake ni za uongo, yeye naye ataanguka. Watoto, fikirini jambo hilo mnapofanya kazi kwa uvivu.

3. Ndege za vita

Mwaka wa 1938 Elsie aliwekwa kuwa injinia mkuu wa ndege katika kiwanda cha Canadian Car and Foundry, mjini Fort William. Mwaka wa pili yake vita kuu vya pili vilianza. Uingereza ilikuwa na haja ya ndege nyingi upesi. Kiwanda kikaagizwa kuunda ndege za vita ziitwazo Hurricane.

Kazi ilikuwa ngumu. Ndege moja ina vipande maelfu, na kila kipande sharti kipimwe sawasawa na kile kilichofanywa Uingereza. Kikizidi hata kidogo, hakiingii mahali pake. Wafanyakazi walikuwa watu mia na zaidi tu. Baadaye wakawa 4.500 hivi, na karibu nusu yao wanawake. Wengi hawakuwa wameunda ndege hata siku moja. Ikabidi kuwafundisha wote. Hata hivyo, kufika mwaka wa 1943, ndege zaidi ya 1.400 zilikuwa zimetoka kiwandani kile.

Tena Kanada ni nchi ya baridi kali. Barafu ikiganda juu ya bawa, ndege inakuwa nzito, na umbo la bawa linaharibika, hata upepo hauwezi kulibeba vema. Elsie akatafuta njia ya kuzuia barafu isigande. Akachora pia mbao za kutelezea, zifungwe mahali pa magurudumu, ili ndege itue juu ya theluji.

4. Kazi kwa ajili ya watu wote

Mwaka wa 1943 Elsie aliolewa na Bill Soulsby, aliyefanya kazi pamoja naye. Wakahamia Toronto, na huko akaendelea na uinjinia. Baada ya vita mataifa yalikutana kutunga sheria za usafiri wa ndege. Tangu mwaka wa 1946 Elsie aliwasaidia kuandika sheria za usalama wa ndege zichukuazo wasafiri. Mtu apandaye ndege Lubumbashi au Kinshasa naye hulindwa na sheria za mataifa za namna hiyo.

Mwaka wa 1953 alivunjika mguu, akalazwa tena. Je, alikaa bure? Hapana. Alikusanya barua na karatasi za mama yake, akaandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka wa 1955.

Mwaka wa 1967 serikali ya Kanada iliwachagua watu saba kuchunguza hali ya wanawake, na Elsie mmoja wao. Walisafiri nchini wakisikiliza watu. Mwaka wa 1970 walitoa mashauri 167, na baadhi yao kwamba mwanamke afanyaye kazi sawa na mwanamume alipwe mshahara sawa. Hiyo ni haki.

Elsie MacGill alifariki tarehe 4 Novemba 1980. Mungu humpa kila mtu talanta yake, mvulana na msichana, mzima na kilema. Tusiifukie talanta yetu, wala tusimcheke mwenzetu atembeaye kwa fimbo.

Maulizo
1. Injinia wa ndege hufanya kazi gani?
2. Elsie alifanya nini alipokuwa mgonjwa?
3. Kwa nini barafu ni hatari kwa ndege?
4. Kwa nini alitaka kupanda ndege mpya pamoja na rubani?
5. Katika kijiji chenu yuko kilema? Mnaweza kumsaidia namna gani asome?